Koti Lisilopoa

Asubuhi ya Penina huanza na kikohozi. Si kikohozi cha ugonjwa. Ni hodi ya mume wake, Abdiel, anapopanda njia ya migomba akitoka kazini. Miaka yote ya ndoa yao Abdiel hajawahi kugonga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Hukohoa mara mbili, na Penina humimina chai.

Abdiel ni mlinzi wa usiku katika shamba la mboga, huko chini Usa River. Kutoka shambani hadi nyumbani ni mwendo wa dakika arobaini, na wote ni wa kupanda mlima. Mwezi wa saba baridi ya Meru haina utani. Hata hivyo Abdiel hufika amevaa shati la flaneli na sweta tu, mikono ameificha kwapani. Penina humwuliza koti liko wapi, ingawa jibu analijua.

"Nimemwachia Lesian," Abdiel hujibu. "Likiwa na joto lake."

Hapa ni lazima habari za koti hili zielezwe, maana ndilo lililoleta mambo yote.

Lilikuwa koti refu la sufu, zito, la rangi ya kijani. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mzee Kaanaeli, mlinzi wa zamani wa shamba lile. Magoti yalipomshinda aliacha kazi. Asubuhi yake ya mwisho alivua koti mwilini mwake na kumvika Abdiel pale pale getini. Akamwambia, "Pokea joto." Abdiel alitokwa na machozi, ingawa mpaka leo anasema ulikuwa moshi wa jiko la mkaa.

Tangu siku hiyo likawa desturi ya lindo. Abdiel analinda usiku. Lesian, kijana wa Kimaasai kutoka upande wa Ngarenanyuki, analinda mchana. Daniel anashika zamu ya yeyote anayepumzika. Anayetoka anavua koti, anayeingia analivaa papo hapo kabla halijapoa. Na kila mara anayetoka husema, "Pokea joto." Kumkabidhi mwenzako koti la baridi ilikuwa sawa na kukataa salamu yake. Kwa hiyo koti lile halikupoa. Halikutundikwa msumarini hata usiku mmoja. Wala halikufuliwa, maana siku ya kulifua ingekuwa ipi?

Jambo hilo la kutofua lilimkera Penina kuliko baridi yenyewe. Penina ni mtu wa usafi, na usafi wake unajulikana. Kwa miaka ishirini yeye ndiye anayefua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu vya usharika wao. Umeme anao, lakini anatumia pasi ya mkaa. Anasema umeme hukatika katikati ya pindo, mkaa haukatiki. Wanawake wenzake humtania kwamba inzi akifika kwa Mama Elinami hujipangusa miguu kwanza. Elinami ni mtoto wake wa kwanza, anafanya kazi mjini Arusha.

Jumamosi moja koti likaja nyumbani. Mkono wake ulichanwa na waya wa uzio, na Daniel aliyeshika zamu siku hiyo alikuwa na jaketi lake. Penina alifurahi. Alikaa uani juani, akaligeuza koti nje ndani, akatafuta uzi wa kijani.

Kwenye mshono wa kwapa aliona vitu vyeupe vidogo kama chenga za chumvi. Vilikuwa vimeshikamana na uzi. Alivipangusa kwa kidole, havikutoka. Akasogeza uso karibu. Kando yake kitu cha kijivu kikatembea.

Penina aligeuka upesi kutazama kama kuna mtu njiani. Hakukuwa na mtu. Uso wake ulikuwa wa moto kwa aibu, ingawa alikuwa peke yake.

Chawa. Katika koti la mume wake. Nyumbani kwa mfuaji wa vitambaa vya madhabahu.

Aliwatafuta mshono kwa mshono. Kila aliyemwona alimponda kati ya kucha za dole gumba. Vidole vyake vilikuwa na nyufa za sabuni, na damu ya chawa ikaingia katika nyufa zile. Yeye hakujali. Kisha akashona mkono wa koti, akalikung'uta, akalianika saa moja, akamrudishia Abdiel. Hakumwambia neno. Alijua Abdiel ni mtu wa mdomo mwepesi. Angemwambia Lesian, Lesian angemwambia Daniel, na kabla ya Jumapili habari ingekuwa imekaa benchi la mbele kanisani. Penina aliona heri kufa na tai shingoni.

Akajiambia walikuwa wachache tu, na wameisha.

Siku kumi baadaye hakusikia kikohozi. Alisikia kitu kizito kikiegemea mlango. Ni Abdiel, anatetemeka, anasema kichwa kinapasuka na magoti yanawaka moto. Penina alimlaza, akamfunika blanketi mbili, akakimbia duka la dawa. Alieleza dalili, akapewa dawa za malaria bila kipimo chochote.

Kwa siku tano Abdiel aliungua kwa homa. Siku ya sita alilowa jasho mpaka shuka likawa la kukamua. Kisha homa ikakatika. Akaomba chai. Akala bakuli zima la loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, akauliza kama lipo jingine. Penina alimshukuru Mungu kwa sauti, akizisifu na dawa. Siku tatu baadaye Abdiel alirudi kazini, akavaa koti, na asubuhi akamvika Lesian. Pokea joto.

Siku ya nane baada ya kupona, homa ikarudi.

Safari hii Penina aliogopa kweli. Usoni Abdiel alikuwa wa manjano kidogo. Alipoitwa jina alichelewa kuitika, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Penina alikaa kitandani akamshika mkono. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na minne. Hakujua nyumba ile ingekuwaje bila kikohozi cha asubuhi.

Akatoka uani, akamwita Vaileth kupitia juu ya ua.

Vaileth ni binti wa jirani. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ana begi la bluu, kipimajoto, na daftari lake ambalo haliachi. Alikuja mara moja, akasalimia, "Shikamoo mama," kisha akampima Abdiel joto. Halafu akaanza kuuliza maswali ambayo Penina aliyaona ya ajabu. Homa ya kwanza ilianza siku gani? Ilikwisha siku gani? Ikarudi lini? Kila jibu aliliandika.

"Siku tano homa, siku nane nafuu, halafu homa tena," Vaileth alisema, akitazama daftari. "Mama, mwendo huu siupendi. Tumpeleke kituo cha afya sasa hivi, homa ikiwa bado juu. Ikishuka, mdudu wa ugonjwa huwa hapatikani kirahisi kwenye damu."

Walikodi bajaji. Kituoni alikuwepo mtaalamu wa maabara aitwaye Richard, mtu mpole mwenye miwani minene. Kipimo cha malaria kilionyesha kwamba Abdiel hana malaria. Richard alitoa tone jingine la damu, akaliweka chini ya hadubini, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita tabibu naye atazame.

Richard aliporudi alieleza bila haraka. Katika damu ya Abdiel kuna vidudu vyembamba sana, vimejisokota kama uzi wa cherehani uliolegea. Ugonjwa huo ni homa ya kujirudia. Huja, huondoka mtu akadhani amepona, kisha hurudi. Usipotibiwa unaweza kuua. Lakini dawa yake ipo, na inafanya kazi vizuri.

"Unaletwa na papasi, wale kupe wa nyumbani, au chawa wa mwilini," Richard alisema. "Mama, nyumba yenu ni ya namna gani?"

"Ya tofali. Chini saruji."

"Papasi hupenda nyufa za nyumba za udongo. Basi nauliza habari ya chawa. Mmewahi kuwaona kwenye nguo?"

Penina alitazama nyuma. Mlangoni walisimama wauguzi wawili, na mmoja wao alikuwa mwimbaji wa kwaya.

"Hapana," alisema. "Kwangu hakuna chawa."

Sauti ilitoka kali kuliko alivyotaka. Richard aliitikia kwa kichwa, akaandika.

Tabibu alimpa Abdiel dawa, akasema atalazwa hapo mpaka kesho. Alieleza kwamba dawa ikiingia vidudu hufa vingi kwa pamoja, na mwili unaweza kutetemeka kwa saa chache kabla ya kutulia. Ndiyo maana dawa hii mtu hapewi akaenda nayo nyumbani. Na kweli Abdiel alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Penina aliishika miguu yake kwa mikono miwili na kumwombea, wauguzi wakipita kila mara kumpima. Baadaye mtetemeko ukaisha. Abdiel akafumbua macho, akamwona mke wake miguuni pake.

"Mama Elinami," alisema taratibu, "na Lesian anaendeleaje?"

Penina alimwambia apumzike. Lakini swali hilo liliingia moyoni mwake na halikutoka.

Mchana alirudi nyumbani kuchukua nguo na chakula cha mgonjwa. Ilikuwa Jumamosi, na vitambaa vya madhabahu vilikuwa bado havijapigwa pasi. Akatia mkaa katika pasi, akajikaza kisabuni, akaanza kazi. Mikono ilikuwa pale, akili haikuwa pale.

Vaileth alikuja akaketi kwenye kigoda. Kwa muda alitazama pasi inavyokwenda na kurudi.

"Nimepiga simu shambani," alisema mwishoni. "Lesian hajaonekana lindoni tangu Jumatatu. Daniel anasema aliondoka anatetemeka. Simu yake haipatikani."

Pasi ilisimama. Penina alimfikiria Lesian, kijana anayemwita mama, anayerudisha bakuli za loshoro zimeoshwa na kung'aa. Alimfikiria mke wake Simaloi, aliyejifungua miezi mitatu iliyopita. Aliwafikiria mpaka harufu ya kuungua ikampanda puani. Akainua pasi. Kwenye kitambaa cheupe kulikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi. Miaka ishirini hajawahi kuunguza hata pindo.

Hakukilalamikia kitambaa. Aliketi chini.

"Niliwaona," alisema. "Mwezi uliopita, kwenye koti. Nikawaponda, nikanyamaza. Na leo nimemdanganya yule kijana wa maabara mbele ya mume wangu. Nimeona aibu, Vaileth. Lesian akifa, nimemwua mimi na aibu yangu."

Akalia. Vaileth alisogeza kigoda, akamshika bega.

"Hajafa, mama. Na sasa umesema, kwa hiyo tunajua pa kwenda."

Kisha akamweleza, kwa maneno machache, kama mtu anayemweleza mama yake. Chawa hawa si wale wa kichwani. Hawa wanaishi katika nguo, kwenye mishono, na hutaga mayai humo humo. Huja mwilini kunyonya damu tu, kisha hurudi katika nguo. Chawa haulizi kama mtu ni msafi au ni mchafu, anaenda kanisani au haendi. Anatafuta joto, na nguo isiyobadilishwa wala kufuliwa kwa maji ya moto. Akiachwa katika nguo isiyovaliwa, hufa kwa njaa kama baada ya wiki moja.

"Lakini koti lenu halipoi," Vaileth alisema. "Kila likivuliwa linavaliwa. Kwa chawa hiyo ni nyumba yenye chakula mezani saa zote. Walinzi walikuwa wanapeana joto kwa upendo, naye alikuwa humo ndani anahama nao."

"Na nilipowaponda?"

"Hapo ndipo penye hatari. Ugonjwa umo tumboni mwa chawa. Ukimponda kwa kucha unamwagika, unaingia kwenye mchubuko au jichoni. Chawa hapondwi. Anauawa kwa moto wa maji au wa pasi."

Penina alitazama madole gumba yake, yenye nyufa za sabuni.

"Utaniandika kwenye daftari lako?"

"Nitakuandika."

"Watu watajua."

"Daftari langu halisomwi kanisani. Nakuandika ili nije kukupima joto kila asubuhi kwa wiki tatu. Wewe, Lesian, mke wake, Daniel, kila aliyevaa koti au kulala na aliyelivaa. Ugonjwa huu ukifichwa unatembea. Ukiandikwa, tunaona ulikotoka na unakoelekea, tunautangulia."

Penina alifuta machozi kwa pindo la kanga. Akakunja kitambaa kilichoungua, akakiweka mezani juu ya vingine. Akasema atakwenda mwenyewe Ngarenanyuki, maana Lesian hatamfuata mtu asiyemjua.

Waliondoka na gari la kituo cha afya, na Richard akiwa na kisanduku chake. Kabla ya kupanda, Penina alimfuata akamwambia ukweli. Richard alivua miwani, akaifuta, akavaa tena. Alimwambia kwamba wengi husema hapana mara ya kwanza. Wanaorudi kusema ndiyo ni wachache.

Walipitia shambani. Daniel alikuwa lindoni, na koti lilikuwa mwilini mwake. Alipoambiwa alilivua kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Richard alivaa glavu, akafungua mishono, akawachukua chawa kwa kibano mmoja mmoja na kuwatia katika kichupa cha spiriti. Akaandika tarehe na mahali. Alisema watapelekwa maabara kubwa wachunguzwe, ijulikane kama wanabeba vidudu vile vile vya Abdiel. Daniel alipimwa joto. Hakuwa na homa, lakini jina lake liliandikwa, na nguo zake akaambiwa azichemshe siku hiyo hiyo.

Msimamizi wa shamba akasema koti lichomwe. Penina akakataa.

"Koti halina kosa," alisema. "Nipeni mfuko."

Walilitia katika mfuko mzito wa plastiki, wakaufunga kwa kamba mara mbili.

Kwa Lesian walifika jua likianza kulegea. Walimkuta ameketi nje ya nyumba, amekonda, lakini anacheka na mbuzi. Penina alimsalimia Simaloi kwa Kimaasai, "Takwenya," na Simaloi akaitikia, "Iko." Mtoto alikuwa mgongoni mwa mama yake, amefungwa kwa shuka la baba yake. Penina alilitazama shuka lile, akalikumbuka koti.

Lesian alifurahi kuwaona, ila kupanda gari alikataa kabisa. Alisema amepona. Homa ilikatika jana, ameloa jasho, ameamka na njaa. Jumatatu yuko kazini. Vaileth alimweleza, Richard alimweleza, naye akawa anatikisa kichwa kwa heshima na kukataa.

Ndipo Penina alipokaa chini, pale vumbini, mbele yake.

"Mwanangu, Abdiel naye alipona," alisema. "Alipona siku nane. Alikula loshoro yangu akaongeza. Kisha ikarudi, na leo asubuhi nilidhani namzika. Nilikuwa nimeona chawa kwenye koti lenu, Lesian. Nikaona aibu kusema. Kila asubuhi mume wangu alikuwa anakuvika ugonjwa, na mimi nilikuwa najua lilivyo koti. Nisamehe. Lakini ukikaa hapa, huyu mtoto hatanisamehe."

Lesian alimtazama mke wake, akamtazama mtoto mgongoni. Kisha aliinama, akamshika Penina mkono, akamwinua kutoka vumbini.

"Mama hakai chini," alisema. "Twendeni."

Siku ile Lesian alitibiwa, kitanda cha pili kutoka kwa Abdiel. Simaloi na mtoto walipimwa joto, nguo zao zikakaguliwa mshono kwa mshono. Kwenye shuka la Lesian walipatikana chawa wawili. Kwa mtoto hawakupatikana. Simaloi akafundishwa la kufanya, naye akalishika upesi kuliko wote: kuchemsha maji mpaka mkono usiweze kuingia, kuloweka humo nguo na mashuka kwa nusu saa, kuanika juani mpaka yakauke kabisa, na kubadilisha nguo ya ndani na ya kulalia angalau mara moja kwa wiki.

Jumapili Penina alikwenda kanisani na vitambaa vyake. Kile kilichoungua alikipeleka pia. Wakati wa matangazo aliomba nafasi. Wazee wa kanisa walidhani anataka kuomba radhi kwa kitambaa.

Akakiinua mbele ya watu, akaeleza jinsi kilivyoungua. Akasema habari yote, kuanzia mshono wa kwapa hadi Ngarenanyuki. Alisema neno chawa mara tano, bila kupunguza sauti. Siku hizi watu wakisikia neno hilo hufikiria wapambe wa wakubwa, na vijana wawili nyuma walianza kucheka. Hawakucheka kwa muda mrefu. Kwa dakika nzima usharika mzima ulikuwa unajikuna.

"Mmenijua kwa usafi miaka ishirini," alimalizia. "Usafi wangu ulinifanya nione aibu, na aibu ilitaka kuua watu wawili. Mkiwaona, semeni. Homa ikienda na kurudi, msinunue dawa dukani. Nendeni mkapimwe."

Baada ya ibada alidhani atatoka peke yake. Wanawake watatu walimngoja nje, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisubiri mwenzake aondoke kwanza. Wa kwanza aliuliza habari za blanketi la mwanawe anayelala na wenzake sita katika chumba kimoja huko Sakina. Wa pili aliuliza habari za jaketi ambalo vijana wake wa bodaboda wanavaa kwa zamu. Wa tatu hakuuliza. Alifunua kola ya gauni lake, akaonyesha alama za kuumwa, akaanza kulia. Penina alimshika mkono, akampeleka kwa Vaileth.

Wiki hiyo akina mama wa usharika walichangisha makoti mawili ya baridi kutoka makabati ya nyumbani. Yalifuliwa kwa maji ya moto, na kila mshono ukapigwa pasi ya mkaa na Penina mwenyewe. Alipitisha pasi taratibu, akikandamiza, mpaka mvuke ukatoka. Daniel alikuwa na jaketi lake, tayari limechemshwa. Abdiel akapata la kwake, Lesian la kwake. Vaileth alisema sharti ni moja: kila mtu na koti lake, na halivaliwi na mwingine.

Lile la Mzee Kaanaeli lilikaa ndani ya mfuko wiki mbili kamili. Vaileth alisema muda huo unatosha kwa chawa kufa, na mayai nayo kuharibika. Kisha Penina alilitoa, akalipiga pasi kila mshono, bitana na kwapa, akalitundika msumarini.

Kila asubuhi Vaileth alikuja na kipimajoto. Penina alikuwa anakohoa mara mbili kabla Vaileth hajafika mlangoni, kumtania. Baada ya wiki tatu Vaileth alipiga mstari chini ya jina lake. Penina hakuwa na homa. Simaloi hakuwa nayo, wala mtoto, wala Daniel. Majibu ya maabara kubwa nayo yalikuwa yamefika. Chawa wa kwenye koti walikuwa na vidudu vile vile. Yule mama wa tatu wa kanisani hakuwa na ugonjwa, alikuwa na chawa tu, na sasa hana. Ugonjwa uliishia kwa watu wawili, na wote wawili walikuwa hai.

Abdiel aliporudi kazini jambo moja lilimsumbua. Alimwambia mke wake kwamba makoti ni mazuri, lakini asubuhi getini wanasimama wakitazamana. Mmoja anaingia na koti lake, mwingine anatoka na lake. Hakuna wa kumwambia mwenzake neno. Mzee Kaanaeli angesikitika.

Jioni Penina alimpa chupa ya chai na vikombe viwili, kimoja chekundu na kimoja cha bluu.

"Chai ya mwisho usiinywe," alimwambia. "Mbakishie Lesian. Kikombe cha bluu ni chake peke yake."

Kesho yake kikohozi kilisikika njiani, mara mbili. Abdiel aliingia akiwa ndani ya koti lake, shingo imefunikwa vizuri, na kwa mara ya kwanza mikono haikuwa kwapani. Chupa ilikuwa tupu. Alisema Lesian alipomiminiwa alishika kikombe kwa mikono miwili, akangoja. Kwa hiyo naye akamwambia, "Pokea joto."

Alilivua koti, akalitundika msumarini kando ya lile la mzee, akaenda kulala. Adhuhuri Penina akiwa anapita alisimama, akatia mkono wake ndani ya bitana ya koti la Abdiel. Lilikuwa limepoa kabisa. Akaliacha hivyo, akatembea polepole asimwamshe mume wake, akaenda kuosha chupa.